Ukirudi Kutoka Rwanda

Mwanangu Minza,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua, maana umetoka hapa sasa hivi kwenda shuleni kuchukua fulana ya safari, tena kwa kusukumwa, na ugali umeuacha nusu sahani. Hali yangu utaijua humu ndani. Naandika kwenye daftari lako la zamani la Jiografia, kurasa za nyuma ulizoziacha tupu, kwa hiyo usije ukaanza kunigombeza kwamba nimeharibu daftari. Jua bado liko juu. Nimekaa barazani, na karasha la jirani linasaga mawe mpaka kalamu inatetemeka, hivyo ukiona mwandiko umeruka mstari usiseme mama kazeeka.

Sitakuandikia habari za sabuni na sweta. Mwalimu wenu ametupa karatasi yenye mambo hayo yote, nimeibandika ukutani, na umeisoma mara tatu. Mimi nina langu moja tu, na limenisumbua wiki nzima.

Jumatatu mwalimu wenu wa historia alinipigia simu. Akanisalimia vizuri, akazunguka weee, mwisho akasema, "Mama Minza, binti ameniomba nimtoe kwenye orodha ya Rwanda. Anasema wewe huna mtu wa kukuangalia." Nikacheka mpaka nikaweka nyundo chini. Mimi wa kuangaliwa? Mimi ninayeponda mawe asubuhi mpaka jioni, ninayebeba karai kichwani huku nagombana na madalali? Nikamwambia asifute jina la mtu, nitaongea na wewe. Jioni tulipokuwa tunamenya viazi nikakuuliza. Hukuniangalia. Ulisema tu, "Mama, si unajua mwenyewe."

Najua. Huu ni mwaka wa saba na hatujawahi kulizungumza. Tunalipita pembeni kila siku, kama watu wanavyopita pembeni ya duara, shimo la dhahabu, lililoachwa wazi. Leo naingia.

Ulikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tunaishi kwenye kambi ya wachimba dhahabu, upande wa Nyarugusu ya Geita, kwenye lile turubai la bluu ambalo mvua ikinyesha tunahamisha kitanda mara nne. Likizo ya mwezi wa sita nikakupeleka Didia kwa bibi yako, ule viazi ushibe, ucheze na binamu zako. Zilipobaki siku nne urudi, rashi ikalipuka. Wewe umezaliwa ndani ya rashi, huhitaji kuelezwa: asubuhi watu wanasikia dhahabu imetoka mahali fulani, mchana kambi imeshafunga mizigo, jioni palipokuwa na baa, saluni na msikiti wa mabati pamebaki vumbi. Lakini hiyo rashi ilikuwa ya ajabu. Hawakusema dhahabu imetoka kwenye mwamba. Walisema Mjerumani ameifukia. Kulikuwa na nyumba ya mawe ya kikoloni porini huko, haina paa, na mtu mmoja alikuwa ameota, au kaambiwa na mganga, au kajitungia tu, kwamba Mjerumani alipokimbia vita aliacha sanduku chini ya sakafu.

Usicheke. Najua unacheka. Mimi niliyemaliza darasa la saba, ninayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, nikaamini. Nikapiga hesabu zangu: siku nne zinatosha. Naenda, nachimba, narudi, mtoto hajafika. Turubai nikaling'oa, maana ukiliacha kambini bila mtu hulikuti, nikabeba na sufuria, nikaenda.

Tulikuwa watu wengi mno kwenye nyumba moja. Kila mtu alichagua kona yake. Mimi nilipata chini ya dirisha. Kila asubuhi bibi mmoja wa kijiji kile alipita akielekea shambani, jembe begani, akasimama kutugombeza. "Baba yangu aliyabeba mawe haya kichwani huku anachapwa viboko," alisema. "Leo nyie mnayabomoa bure, bila hata kuchapwa!" Tukamcheka. Kijana mmoja akamwambia akae pembeni asije akaangukiwa na historia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza baba yake aliitwa nani. Siku ya tatu ukuta wa mbele ukaanguka, namshukuru Mungu haukumwangukia mtu, na chini yake tukakuta chupa ya kijani iliyovunjika na bawaba ya mlango. Hizo ndizo mali za Mjerumani.

Ungedhani hapo nilirudi. Wapi! Tulisema labda sanduku liko chini zaidi. Siku ya nne nikachimba, ya tano nikachimba, na simu ilikuwa imezima tangu siku ya pili.

Wewe ulirudi siku yako ile ile. Jirani wa bibi yako alikuwa anapita njia hiyo, akakushusha barabarani, ukatembea mwenyewe mpaka kambini na kifurushi cha michembe, vile viazi vikavu vya bibi yako. Ukakuta mashimo manne ya nguzo na mafiga matatu. Mama Rehema, ambaye wakati huo nilimjua kwa sura tu, mama wa Kondoa aliyekuwa akiwauzia uji wachache waliobaki, ndiye aliyekuona umekaa juu ya figa. Akakuuliza unafanya nini hapo. Ukamwambia, "Namsubiri mama, amekwenda kuteka maji." Alikuchukua kwake. Ulikaa naye siku tatu, na kila asubuhi, baada ya uji, ulirudi kukaa pale kwenye mafiga mpaka jua liwe kali. Hayo sikuyaona. Ni yeye aliyenisimulia, na hakunisimulia kwa upole.

Nilipofika hukulia. Ulisimama, ukasema "Shikamoo," ukanisogezea kigoda cha Mama Rehema, ukasema, "Karibu ukae." Kisha ukaniletea maji ya kunywa, umeshika kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Hukuniuliza nilikuwa wapi. Afadhali ungenipiga mateke. Nimeangukiwa na mawe mimi, kidole hiki kimoja hakina kucha kwa sababu ya nyundo yangu mwenyewe, lakini hakuna kilichoniuma kama kile kigoda.

Nami nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nilikaa. Nikanywa maji, nikasema, "Haya, mmeshindaje?" Sikukuomba radhi. Nilijiambia mtoto ana miaka tisa, atasahau.

Hukusahau. Tangu siku ile hujalala nje ya nyumba yangu hata mara moja. Ukienda Didia unarudi jioni hiyo hiyo, na bibi yako kila siku analalamika, "Huyu mtoto akija kwangu anakula mbiombio utafikiri polisi wako mlangoni." Watu walikusifu, wakasema binti wa Mama Minza anampenda mama yake, hamwachi. Nami nikavimba kichwa. Unanipenda, hilo silikatai. Ila sasa naona ulikuwa unanilinda nisihame.

Nisamehe, Minza. Nilikuacha mtoto mdogo kwenye uwanja mtupu kwa ajili ya sanduku ambalo halikuwepo, nikarudi nikajifanya nimetoka dukani. Nilipaswa kusema neno hili siku ile ile, nimepiga magoti. Nalisema leo. Nimechelewa, najua.

Acha nipumue kidogo. Karasha limezimwa, watu wa kule wamekwenda kula.

Unajua mwalimu aliposema kwenye kikao cha wazazi kwamba mnakwenda nchi ya watu siku sita, kuangalia tu, halafu mrudi, nilidhani anatania? Nikamuuliza, "Kuangalia halafu?" Akasema, "Kuangalia na kujifunza, mama." Baba Shija aliyekaa nyuma yangu akasema si bora waende Mwanza waangalie samaki. Tulicheka wote. Lakini nilipotembea kurudi nyumbani nikawa najiuliza. Mimi nimekaa Nyarugusu, nimekaa Mgusu, nimekaa Geita mjini, na kambi nyingine ambazo hata majina yake yamekufa. Mtu akinisikia nikizitaja anadhani nimetembea. Sijatembea, nimehama tu. Miezi minane niliishi mahali ambapo watu walisema ukipanda kile kilima unaliona Ziwa lote. Sikupanda. Samaki wake nimekula mpaka nikawachoka, ziwa lenyewe sikulitazama. Siku zote macho yangu yalikuwa chini, kwenye udongo.

Ndiyo maana nilipokuwa nahangaikia cheti chako cha kuzaliwa, ili upate hiyo hati ya kusafiria, nilikuwa na furaha ambayo sikukuonyesha. Karani akaniuliza umezaliwa kijiji gani. Nikamtajia jina la kambi. Akatafuta, hamna. Nikamwambia haimo kwa sababu haipo, tuliondoka wote siku moja. Akavua miwani. "Mama," akasema, "nchi nzima ina majina, wewe ulikwenda kumzalia wapi huyu mtoto?" Nikamwambia nilimzalia kwenye dhahabu. Hakucheka, yule baba, ila mwisho aliandika jina la kata ya karibu na kugonga muhuri. Nilitembea mpaka stendi nikiisoma ile karatasi. Mwanangu kazaliwa mahali, na serikali imekubali.

Sasa huko mnakokwenda. Mwalimu alisema mtaonyeshwa nyumba ya wafalme wao kule Nyanza, nyumba kubwa ya duara ya nyasi, na ng'ombe wenye pembe ndefu ambao wachungaji wao wanawaimbia. Bibi yako nilipomsimulia kwenye simu alisahau hata kunisalimia vizuri. Anataka kujua ng'ombe wanaimbiwa wakati gani, wakinywa maji au wakikamuliwa. Msukuma akisikia ng'ombe mahali masikio yanasimama. Tafadhali muulizie, maana usipompelekea jibu Didia hutakanyaga. Na umtazame vizuri atakayekuwa anawaeleza. Akimaliza kusema, muulize babu zake walikuwa wanafanya kazi gani pale. Labda atashangaa. Mimi nilikuwa na mtu wa kunieleza, anapita mbele yangu kila asubuhi na jembe, na nikamcheka.

Kuna mahali pengine pia, kule Kigali, ambapo mwalimu alisema mtaingia mkiongea na kutoka mmenyamaza. Kumbukumbu ya wale waliouawa na majirani zao. Wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wataota vibaya. Mimi nilinyoosha mkono nikasema wangu aingie. Ukilia, lia. Nyumbani kwetu tumezoea kumeza, na umejifunza kwangu, lakini si tabia nzuri hata kidogo.

Vingine ni vya kufurahi tu. Wanasema huko hata abiria wa bodaboda anavaa kofia ngumu. Nataka picha yako umevaa hiyo kofia, niwaonyeshe vijana wa bodaboda wa hapa.

Haya. Nimezunguka vya kutosha, nimekuwa kama mwalimu wenu kwenye simu. Sasa la leo.

Tangu Jumatano kuna rashi upande wa Bukombe, kwenye shamba la mahindi la mtu. Wewe umesikia, hakuna ambaye hajasikia hapa Mwakitolyo. Hii si ya sanduku. Nimetumiwa picha ya jiwe lenyewe, dhahabu inaonekana kwa macho bila hata kupondwa. Mama Rehema alisema anaondoka leo na pikapu ya saa tatu. Na mimi usiku mzima damu ilinichemka. Nikapiga hesabu: kesho alfajiri Minza anaondoka. Siku sita. Naenda, naponda, narudi, mtoto hajafika. Nikajiambia hata kuagana si lazima, shule si itamsindikiza.

Asubuhi ulipokwenda bwawani kufua nguo za safari, nilivaa viatu vyangu vya safari, nikabeba nyundo, karai na turubai, nikaenda. Ndiyo, Minza. Leo. Mama yako huyu huyu. Nilipanda kwenye pikapu, nikapata na mahali pazuri, nyuma ya dereva. Mama Rehema akaniuliza, "Mtoto umemwachia nani?" Nikamjibu bila hata kufikiri, "Anasafiri kesho, siku sita tu. Nitakuwa nimeshafika kabla yake."

Alikaza ushungi wake, akageuza uso akatazama barabarani. Wewe unajua Mama Rehema anavyopenda kuongea. Kunyamaza kwake ndiko kulikonifanya niyasikie maneno niliyoyatamka. Yalikuwa yale yale, hata mpangilio wake. Nikajiona kama nimeshikwa naiba.

Nikapiga bodi, nikapaza sauti, "Dereva, nishushe!"

"Mama, gari halijaondoka," akasema. "Nakushushaje?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, machozi yananitoka. Nikaruka chini. Mama Rehema akanipa karai, akanipa nyundo, turubai akalishikilia. Akasema, "Hili nakwenda nalo mimi. Wewe huna safari nalo." Sikubishana. Nenda nalo, nikasema moyoni, na hilo turubai likapotelee huko huko.

Niliporudi ulikuwa unaanika nguo. Ukatazama viatu vyangu. Ukatazama karai na nyundo. Ukauliza, "Mama, umetoka wapi?" Nikakujibu, "Sokoni." Sokoni na nyundo! Ukasema "Sawa," ukaingia ndani, na nilipochungulia nilikuona unatoa nguo kwenye begi, moja moja, unazikunja na kuzirudisha kabatini. Hukujua nakuona. Ndipo nikakusukuma uende kuchukua fulana, ili nipate nafasi ya kuandika.

Nimekuambia hili lote si kwa sababu napenda kujianika. Ningeweza kunyamaza. Ungeondoka kesho, ungerudi, ungenikuta, na usingejua kamwe kwamba nilikaa kwenye lile gari. Lakini wewe si mtoto wa kudanganywa tena, unaona viatu vya mtu unajua kila kitu. Ukienda Rwanda huku unajua nimekudanganya, hutaona nyumba ya mfalme wala ng'ombe. Utakuwa umekaa juu ya figa siku zote sita. Sasa ukweli ni huu: mama yako bado anaumwa ugonjwa wa rashi, na huenda hautapona. Ila leo nilikuwa nimeshapanda, na nikashuka kwa miguu yangu. Sijawahi kushuka kwenye gari la rashi maishani mwangu. Nimetembea kurudi huku nimebeba karai tupu, na nilikuwa nimefurahi, mwanangu, nimefurahi kweli, mpaka nikafika hapa ukaniuliza nikaogopa.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye begi lako uisome mbali, mkiwa mmeshavuka mpaka pale Rusumo. Nimebadili mawazo. Huko ungeisoma peke yako, ukasirike peke yako, na simu isishike. Nitakupa mkononi. Nakuona unakuja kule kona, umeivaa fulana juu ya sare, kubwa kama kanzu, na unatembea taratibu kama mtu asiyetaka kufika.

Kaa hapa barazani usome mpaka mwisho. Ukimaliza niulize unachotaka, cha leo na cha miaka yote, hata kwa kelele, majirani wasikie. Nitakujibu kila kimoja. Halafu twende ndani tukatoe zile nguo kabatini tuzirudishe kwenye begi, basi lenu linaondoka alfajiri.

Ni mimi mama yako,
Mwakitolyo.